Vipande, Hisa na Sukuk: Tathmini ya Mali Isiyohitaji Kupaliliwa

Tathmini hii inahusu njia 4 za kuweka mali ya muda mrefu ambazo nimezitumia mwenyewe au nimezichunguza kwa karibu tangu nilipostaafu usomeshaji wa hisabati hapa Pemba: vipande (yaani sehemu za umiliki) vya Mfuko wa Umoja unaoendeshwa na UTT AMIS, taasisi ya Serikali ya kusimamia mifuko ya uwekezaji, hatifungani za Serikali ya Muungano, yaani hati za kuikopesha Serikali kwa riba, hisa zinazouzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na sukuk, yaani hati za uwekezaji zisizo na riba, ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Sizipimi kwa jicho la mtu anayetafuta utajiri wa haraka, kwani umri wangu umeshanipunguzia haraka. Nazipima kwa masuala mawili: je, mali hii inaweza kukaa miaka 20 bila ya mimi kuihangaikia kila wiki, na je, siku nitakapofariki, mke wangu na watoto wangu wataweza kuijua, kuipata na kuigawa bila ya kugombana?

Kipimo changu nimekipata shambani. Marehemu baba alituachia mikarafuu upande wa Mtambile, na kwa watu wa rika lake hiyo ndiyo ilikuwa akiba ya kurithisha iliyo bora kuliko zote, kwa sababu mkarafuu huchukua miaka 6 au zaidi kabla ya kuanza kuzaa lakini ukitunzwa huwazalia hata wajukuu wa aliyeupanda. Neno zito hapo ni "ukitunzwa". Shamba linataka kupaliliwa, wachumaji wanataka kutafutwa na kulipwa wakati ambapo kila mwenye shamba anawatafuta hao hao, karafuu zinataka kuchambuliwa makonyo, kuanikwa juu ya majamvi na kulindwa na mvua pamoja na mikono ya watu, na ndipo zifikishwe kwenye kituo cha ZSTC, shirika la Serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu. Sisi warithi tuko 7, watatu wako Unguja, mmoja Tanga, mmoja Muscat, na hakuna anayetaka kupalilia wala anayekubali kuuza. Ugumu mkubwa zaidi umo katika ugawaji. Katika karatasi, mti unaotoa pishi 10 na mti unaotoa pishi 2 ni mti mmoja mmoja, na ndugu wanaoheshimiana wanaweza kununiana miaka kadhaa kwa sababu ya mti upi ni wa nani. Kwa hiyo nilipopokea kiinua mgongo, niliapa kwamba sehemu nitakayowaachia wanangu itakuwa mali inayohesabika.

Nilianza na Mfuko wa Umoja, na nitasema mapema kwamba kwa wepesi wa utunzaji sijaona kinachouzidi. Mfuko huu ulianza mwaka 2005. Mwekezaji hununua vipande, fedha za watu wote huchanganywa, na wasimamizi huzigawa baina ya hisa za kampuni zilizoorodheshwa na dhamana zenye kipato cha kudumu, hasa hatifungani za serikali. Bei ya kipande hukokotolewa na kutangazwa kila siku ya kazi, kwa hiyo thamani ya mali yako haitegemei kauli ya dalali wala bahati ya kupata mnunuzi. Hauna tarehe ya kukomaa. Faida hubaki ndani na kukuza bei ya kipande, na anayetaka kulipwa gawio la mara kwa mara huelekezwa kwenye mfuko mwengine wa taasisi hiyo hiyo unaoitwa Jikimu. Jambo hili linaonekana dogo, lakini kwa mwenye nia ya kurithisha lina uzito mkubwa, kwa sababu gawio likilipwa mkononi huliwa. Nimewahi kuishi mwaka mzima bila ya kuangalia bei ya kipande hata mara moja, na nilipoangalia sikukuta jambo lililohitaji uamuzi wangu.

Uzuri wa pili wa vipande unaonekana ukikaa na kalamu ya faraidhi, yaani hesabu ya mgawo wa mirathi wa Kiislamu. Tuseme mtu amefariki na kuacha vipande 24,000, mke, mama mzazi, watoto wawili wa kiume na binti mmoja, na kwamba hana deni wala wasia. Mke hupata thumni, yaani vipande 3,000. Mama hupata sudusi, yaani 4,000. Vilivyobaki ni 17,000, ambavyo hugawiwa watoto kwa kanuni ya mwanamme kupata sehemu mbili za mwanamke, kwa hiyo kila mtoto wa kiume hupata 6,800 na binti hupata 3,400. Hesabu imekwisha, na hakuna kipande kilicho kwenye kivuli wala kipande kilicho kando ya njia. Binti akitaka kuuza vyake kesho ili aezeke nyumba, hana haja ya kumuomba ruhusa kaka yake, na kaka akitaka kuviacha vikue miaka 15 mengine, hakuna wa kumlaumu. Nyumba ya Ng'ambo yenye vyumba vitatu haigawiki namna hiyo, na mwenye shaka na aende Mahakama ya Kadhi siku yoyote akasikilize kesi za mirathi zinavyozunguka nyumba na mashamba.

Juu ya gharama, msomaji asidanganyike na ukimya wake. Ada ya usimamizi wa mfuko wa pamoja hukatwa ndani kwa ndani kabla ya bei ya kipande kutangazwa, kwa hiyo huioni ikitoka mfukoni. Wanafunzi wangu wa zamani wangelifanya zoezi hili kwa dakika 5: shilingi 1,000,000 inayokua kwa asilimia 10 kwa mwaka kwa miaka 25 bila ya kuguswa hufikia takriban shilingi 10,830,000, ilhali ile inayokua kwa asilimia 8 hufikia takriban shilingi 6,850,000. Tofauti ya asilimia 2 kwa mwaka imemeza zaidi ya theluthi ya urithi. Ndiyo maana Mmarekani John Bogle, aliyeanzisha kampuni ya Vanguard mwaka 1975 na mwaka uliofuata akafungua mfuko wa kwanza wa umma unaofuata orodha nzima ya kampuni kubwa za soko badala ya kuchagua kampuni moja moja, alitumia maisha yake yote kupigia kelele ada. Umoja si mfuko wa aina hiyo, kwani una wasimamizi wanaochagua. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu, soma waraka wa mfuko na uulize ada ya mwaka ni kiasi gani na kama kuna makato siku ya kuuza.

Pamoja na sifa zote hizo, leo sina kipande hata kimoja cha Umoja. Niliviuza vyote, na fedha zangu nikalipwa bila ya usumbufu. Sababu ilikuwa ni riba. Mfuko unaobeba hatifungani unapokea riba, na mfuko wenye ruhusa ya kununua hisa katika soko la Dar es Salaam unaweza kubeba benki za kawaida, kampuni ya bia na kampuni ya sigara, kwa kuwa zote zimo sokoni. Nilimuuliza sheikh ambaye namwamini, akanijibu kwa suala: "Unataka wanao warithi mali au warithi shubha?", yaani mali yenye shaka ya haramu. Wako wenzangu, watu wa sala na wenye elimu kunishinda, ambao wameridhika kubaki humo na kutoa sehemu ya faida kwa mafakiri, nami siwahukumu. Kwa msomaji ambaye suala la riba halimsumbui, au ambaye si Muislamu, ningelimwambia asiendelee kutafuta: Umoja ndio unaokaribia zaidi kile anachokihitaji, na tathmini iliyobaki haimhusu sana isipokuwa ile sehemu ya mwisho juu ya karatasi za mirathi.

Hatifungani za serikali zinahitaji maneno machache, kwa sababu kwangu zilianguka kwa hoja hiyo hiyo. Hata hivyo zina kasoro ya pili ambayo hata asiyejali riba anapaswa kuijua. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilipotoa hatifungani ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, wastaafu wengi waliikimbilia, na kwa anayetaka kipato cha kuishi ilikuwa bidhaa nzuri: aliyeweka shilingi 10,000,000 kwa bei kamili hupokea shilingi 797,500 kila baada ya miezi 6. Lakini mtaji wenyewe haukui. Baada ya miaka 25 mrithi atarudishiwa shilingi zile zile 10,000,000, na kama bei za vitu zitakuwa zimepanda kwa asilimia 5 tu kwa mwaka, zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa takriban milioni 3. Ili zikue, mtu lazima azirudishe riba zile sokoni kila nusu mwaka, na hiyo tayari ni kazi ya kupalilia.

Nilikohamia ni kwenye hisa za moja kwa moja na sukuk.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na kampuni ya gesi ya TOL ndiyo iliyotangulia kuorodheshwa. Ni soko dogo, kampuni zake hazifiki 30, na baadhi ya hizo ni za Kenya zilizoorodheshwa pia huku. Ukiondoa benki, bima, bia na sigara, unabakiwa na orodha fupi sana: saruji, gesi, mawasiliano, huduma za uwanja wa ndege na nyengine chache. Mimi nilichagua kampuni 4. Wanazuoni wengi wa fedha za Kiislamu hukubali hisa za kampuni ambayo biashara yake kuu ni halali na ambayo deni lake la riba halizidi takriban theluthi ya thamani yake, kwa sharti kwamba kile kidogo cha gawio kilichotokana na riba kitolewe bila ya kutaraji thawabu. Sharti hili lina bei yake. Inabidi kila mwaka nisome hesabu zilizokaguliwa za kampuni hizo 4, nitazame mstari wa mikopo na mstari wa mapato ya riba, na nifanye mgawanyo. Kwa mwalimu wa hisabati ni burudani ya asubuhi moja, lakini mke wangu hatoifanya, na sina uhakika na mwanangu wa pili.

Kuhusu huduma yenyewe, kununua hisa kumekuwa kwepesi kuliko nilivyotarajia. Unafungua akaunti ya kuhifadhia hisa, ambayo wenyewe huiita CDS, kupitia kwa dalali aliyesajiliwa, na siku hizi hata simu inatosha kwa wenye kuiweza. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa hukatwa kodi ya asilimia 5 kabla ya kukufikia. Kuuza ndiko kwenye subira, kwani katika soko dogo unaweza kuweka hisa zako na usipate mnunuzi kwa siku nyingi kwa bei unayoitaka. Kwa anayenunua ili arithishe, hili si tatizo la leo, bali ni tatizo atakalolirithi mtu mwengine, na inafaa aambiwe.

Niliwahi kupata usumbufu kwa dalali mmoja ambaye sitamtaja. Nilifunga akaunti ya benki iliyokuwa ikipokelea gawio, nikapeleka taarifa kwa maandishi, na taarifa ile haikufanyiwa kazi. Gawio la mwaka mzima likaenda kwenye akaunti isiyokuwepo, likarudi kulikotoka, na ilinichukua miezi 5 ya simu na safari moja ya Dar es Salaam kulipata. Nililipata kwa sababu nilikuwa hai na nilijua kwamba kuna kitu kinakosekana. Mjane ambaye hajui hata jina la kampuni angelikosa nini? Angelikosa asichokijua, na asingelalamika.

Sukuk nitaipitia kwa ufupi. Mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitoa sukuk yake, na kwa watu wa visiwani ambao kwa miaka mingi waliziangalia hatifungani kwa mbali, ulikuwa mlango uliosubiriwa. Msingi wake ni kwamba mwenye sukuk hamkopeshi mtu fedha kwa riba. Anakuwa na sehemu katika mali au manufaa maalumu na anapokea kipato kinachotokana nayo. Kwa utunzaji ni nyepesi, kwani kipato huja chenyewe. Kwa urithi ina kasoro ile ile ya hatifungani, yaani ina tarehe ya kukomaa na mtaji wake haukui wenyewe, kwa hiyo itakapokomaa lazima awepo mtu wa kuamua fedha ziende wapi. Nimeipa nafasi ya utulivu, sio ya ukuaji.

Mpangilio wangu wa sasa ni nusu katika hisa, theluthi katika sukuk, na sudusi iliyobaki katika akaunti ya benki isiyo ya riba kwa ajili ya dharura na mazishi. Naugusa mara moja tu kwa mwaka, katika mwezi wa Muharram, siku ile ile ninapokokotoa zaka ya asilimia 2.5. Upande uliovimba naupunguza au nauacha, na gawio la mwaka nalipeleka kwenye upande uliopungua. Dhahabu ya mke wangu haimo katika hesabu hii kwa sababu ni yake, jambo ambalo nimeliandika kwa wino, maana nimeshaona shemegi wakihesabu bangili za mjane kama mali ya marehemu.

Sasa nifike kwenye karatasi, ambako kwa maoni yangu njia zote 4 zina upungufu unaofanana. Fomu nyingi za uwekezaji zina nafasi ya kuandika jina la mnufaika, na watu wengi wanaamini kwamba wakimuandika mtoto wao mpenzi basi mali imekuwa yake. Kwa Muislamu imani hiyo ni ya hatari. Wasia hauvuki theluthi ya mali, na hauwi kwa mrithi ila warithi wenzake waridhie. Anayetaka kumpa mtoto mmoja zaidi, na ampe hiba akiwa hai, aikabidhi kwa kweli, na ajiandae kuulizwa juu ya uadilifu wake. Jina lile katika fomu nalichukulia kuwa ni jina la mtu wa kupewa habari tu. Nimemuandika binti yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi Unguja, kwa sababu ndiye anayejibu simu.

Jengine ni kwamba wenye daftari la hisa au vipande hawamkabidhi mtu mali kwa sababu tu amefika akilia. Wanataka cheti cha kifo na hati inayoonesha nani amepewa mamlaka ya kusimamia mirathi. Hapa Zanzibar safari hiyo huanzia kwa sheha, kisha Mahakama ya Kadhi au Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kushughulikia mirathi ya Waislamu. Mfumo upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuuambia mfumo kwamba kuna mali ya kutafutwa. Shemegi yangu alifariki akiwa na akiba katika benki moja, ambayo pia sitaitaja, na mkewe aliigundua baada ya miaka 3, alipokuwa akitafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto ndani ya mkoba wa zamani. Kijitabu kilikuwa kimekunjwa katika bahasha ya sare za skuli. Benki haikuwa imemtafuta, na shemegi mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa msiri wa fedha kama wanaume wengi wa kwetu.

Kwa hiyo nimeandika ukurasa mmoja. Una majina ya kampuni 4 na idadi ya hisa, nambari ya akaunti ya CDS, jina la dalali wa sasa, hati ya sukuk na mwaka wake wa kukomaa, nambari ya akaunti ya benki, na mpangilio wa malipo kama sheria inavyoutaka: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia, ndipo mgawo wa warithi. Nakala moja iko kwangu ndani ya sanduku, ya pili kwa binti yangu, ya tatu kwa ndugu yangu wa Tanga ambaye hana urithi kwangu maadamu nina watoto wa kiume, na kwa hiyo hana sababu ya kuificha.

Kwa atakayeniuliza alama, Umoja naupa 9 kati ya 10 kwa wepesi na kugawika, na sifuri kwa dhamiri yangu mimi, alama ambayo mwengine anaweza kuifuta. Hatifungani ni 8 kwa anayetaka kipato cha uzeeni, na 4 kwa anayetaka kurithisha. Hisa za moja kwa moja ni 7, na zingelikuwa 8 kama soko lingelikuwa na kampuni nyingi zaidi za kuchagua. Sukuk ni 7 kwa sasa, nami nitaitazama upya itakapokomaa, nikiwa hai. Mikarafuu ya baba haimo katika alama hizi, kwani msimu ujao zamu ya kuwatafuta wachumaji ni yangu.

Binti yangu alipousoma ule ukurasa mara ya kwanza, aliniuliza mbona mstari wa madeni hauna kitu, ilhali kila mtu wa mtaani anajua kwamba nimechukua mabati kwa mkopo katika duka la Chake Chake. Nimeuandika upya, na mabati yamo.